Maumivu ya Nyonga kwa Akina Mama, na Misuli Isiyoonekana

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na jamaa zao huko Kitengela, na kusomwa tena Kajiado. Inachapishwa hapa kwa ombi la wale waliokosa nafasi ya kuhudhuria.



Kamati ya tawi ilituomba tuseme machache juu ya maumivu ya nyonga yanayowasumbua akina mama wengi. Habari hiyo ilipotangazwa, wako waliocheka. Walisema, "Watu wa reli wamejua nini juu ya nyonga za wanawake? Hiyo si kazi ya nesi?" Maneno hayo tumeyasikia, na hatukukasirika. Lakini tuwaulize wenzetu hao swali moja. Mshahara tunaoupigania kila mwaka unakwenda wapi? Unakwenda nyumbani. Na ikiwa nyumbani mama hawezi kusimama, hawezi kuinama, wala hawezi kulala usiku kwa maumivu, basi nusu ya mshahara huo unaishia kwa muuza vidonge na kwa mafuta ya kuchua. Tena leo akina mama si wa nyumbani tu. Wako katika karakana, wako katika ofisi za stesheni, wako katika viwanda vya nguo kule Athi River. Ni wanachama kama sisi, wanakatwa ada kama sisi. Basi maumivu yao ni shauri la chama.

Sisi si madaktari. Tumesoma shule ya msingi ya misheni, na kazi yetu ni njia ya reli. Lakini tuliwauliza wenye elimu, tukasoma, tukaandika, na haya tuliyoyaelewa ndiyo tunayowaleteeni. Tutasema kwa heshima, lakini hatutazungukazunguka. Wazee walisema mficha uchi hazai, na wakasema tena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua.

NYONGA IMEJENGWAJE

Kila mmoja aweke mikono kiunoni. Mfupa huo unaoushika pande zote mbili ni sehemu ya fupanyonga. Fupanyonga limekaa kama beseni, lakini ni beseni lisilo na chini. Juu yake umesimama uti wa mgongo. Kwa pande, mifupa ya mapaja imeingia humo, mmoja kulia na mmoja kushoto, kila mmoja na kichwa chake cha mviringo ndani ya tundu lake. Hapo ndipo penye kiungo cha nyonga.

Sasa, beseni lisilo na chini litashikaje vitu? Ndani yake mna kibofu cha mkojo, mna mji wa mimba, mna mwisho wa utumbo mkubwa. Mungu ameziba chini pale kwa misuli. Misuli hiyo inatoka kwenye mfupa wa mbele, chini ya kitovu, inapita chini, na kufika nyuma kwenye kifandugu. Wataalamu huiita sakafu ya nyonga. Haionekani wala haisikiki, na watu wengi huishi mpaka uzeeni bila kujua ya kuwa wanayo. Wanaume pia wanayo, msije mkadhani ni ya akina mama peke yao.

Kazi ya sakafu hii ni nyingi. Inabeba viungo vilivyo juu yake. Inafunga mkojo na choo mpaka wakati wake, kisha inafungua. Inasaidia tendo la ndoa. Tena inafanya kazi pamoja na misuli ya tumbo, ya mgongo, na ya pumzi, ili kiwiliwili kisimame imara mtu anapoinua mzigo. Ukivuta pumzi ndani, sakafu inashuka kidogo. Ukiitoa, inapanda. Hivyo usiku na mchana.

Na sasa tumefika kwenye neno lenyewe. Ndani ya beseni hilo, kwenye kuta zake za kulia na kushoto, uko msuli mwingine. Madaktari wameupa jina la Kilatini, lakini sisi tuuite msuli wa ukuta wa ndani. Msuli huu unaanzia ndani ya fupanyonga, unatoka kwa nyuma, unapinda juu ya mfupa kama kamba ipitavyo juu ya kapi, kisha unakwenda kushikamana na sehemu ya juu ya mfupa wa paja. Kazi yake ni kuugeuza mguu kwa nje na kukishikilia kiungo cha nyonga. Kwa hiyo ni msuli wa nyonga kabisa. Lakini utando unaoufunika ndio huo huo ambao sehemu kubwa ya sakafu ya nyonga imejishikiza. Sakafu imening'inia juu ya ukuta huo, kulia na kushoto.

Ndugu, hapo mwaona. Msuli wa nyonga na misuli ya sakafu vimeshikana. Kimoja kikivutwa, kingine kinavutwa. Kimoja kikichoka, kingine kinabeba. Tena mshipa wa fahamu unaohudumia sehemu za chini unapita katika utando huo huo. Kwa hiyo taabu inaweza kuwa ndani, na mama akaisikia kwa nje: katika kinena, katika tako, ubavuni pa paja, au chini ya mgongo.

Sisi wa njia ya reli jambo hili si geni kwetu. Dereva huja akasema, "Pale maili fulani gari linayumba, reli imeharibika." Gangi ikifika, reli inapimwa na kuonekana ni nzima. Ukichimbua chini ya taruma, ndipo unapokuta kokoto imechukuliwa na maji ya mvua. Reli ndiyo iliyolalamika, lakini kasoro iko chini yake. Ukibadilisha reli na kuiacha kokoto vile vile, umepoteza chuma na umepoteza siku.

KWA NINI AKINA MAMA ZAIDI

Wengine watauliza kwa nini akina mama wanateswa zaidi kuliko sisi.

Kwanza, fupanyonga la mwanamke ni pana kuliko la mwanamume, na sakafu yake ina mlango mmoja zaidi, yaani njia ya uzazi.

Pili, mimba. Kwa muda wa miezi tisa sakafu inabeba uzito unaoongezeka kila wiki. Tena wakati wa mimba mwili wenyewe huilegeza mishipa inayoshika viungo vya fupanyonga, ili mtoto apate njia. Ndiyo maana mama mja mzito mara nyingi hutembea kwa taabu na kulalamika kwamba mifupa inaachana.

Tatu, kuzaa kwenyewe. Mwaka 2004 wataalamu wa Marekani walipiga hesabu kwa kompyuta, wakaona ya kuwa sehemu moja ya misuli hii hunyooshwa zaidi ya mara tatu ya urefu wake mtoto anapotoka. Hakuna msuli wa mkono wala wa mguu wako unaoweza kuvutwa hivyo. Wengi hupona vizuri. Wengine huchanika au hulegea, na hakuna anayewaambia.

Nne, umri. Hedhi ikikoma, misuli na ngozi za sehemu hizo hupungukiwa na nguvu.

Tano, mizigo. Hapa tuseme habari za kwetu. Jerikani la lita 20 likijaa maji lina uzito wa kilo 20. Katika kaunti yetu ya Kajiado mama mmoja anaweza kulibeba mgongoni, kamba kichwani, mwendo mrefu, na siku ya pili tena, na juu yake kuni. Katika ukame ulioanza mwishoni mwa 2020 na kuendelea mpaka 2023, mifugo ilikufa, visima vikakauka, na mwendo wa kwenda majini ukawa mrefu zaidi. Hata Kitengela mjini, ambako majumba ya ghorofa yameota kila mahali, maji yakikatika mama hununua majerikani chini na kupanda nayo ngazi mpaka ghorofa ya nne. Mama huyo huyo pengine alijifungua wiki tatu tu zilizopita.

Sita, kazi za viwandani. Eneo la viwanda vya kuuza nje lilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1990, na wengi wanaolala Kitengela huamkia huko. Kazi ya cherehani ni kukaa mchana kutwa, umeinama, mguu mmoja umekanyaga. Kazi ya kupiga pasi na kukagua ni kusimama mchana kutwa. Na mahali pengine kwenda chooni ni kwa ruhusa, hata mama huzuia mkojo saa nyingi, au huacha kunywa maji tangu asubuhi ili asihitaji kwenda. Misuli ya sakafu ikishikilia hivyo kila siku, inajifunza kukaza na kusahau kulegea.

Saba, ukeketaji. Jambo hili ni zito, nasi tunalisema kwa heshima kwa wazee wetu wa Kimaasai na wa makabila mengine. Sheria ya Kenya ya mwaka 2011 imelikataza kabisa. Wale ambao wamekwisha tendewa huweza kubaki na makovu, na maumivu ya kudumu, na taabu wakati wa kuzaa. Hao hawana kosa lo lote, na hawapaswi kuaibishwa. Wamweleze nesi au daktari wazi, kwa sababu jambo hilo linabadili namna ya matibabu.

KULEGEA NA KUKAZA

Wengi wakisikia habari za misuli hii hudhani taabu ni moja tu, yaani kulegea. Sivyo. Bolti ya reli ikilegea ni hatari, lakini ikikazwa kupita kiasi nayo hukatika. Vivyo hivyo misuli hii.

Ikilegea, dalili zake ni kama hizi. Mkojo hutoka kidogo mama anapokohoa, anapocheka, au anapoinua ndoo. Anasikia uzito chini, kama kitu kinataka kutoka. Nyonga na kiuno huchoka akisimama kwa muda, kwa kuwa misuli ya nje ya nyonga inafanya kazi ya sakafu iliyochoka.

Ikikaza, dalili ni nyingine. Mkojo unachelewa kuanza, au mama anaona haukwisha. Choo ni kigumu na kina maumivu. Tendo la ndoa lina maumivu. Akikaa kwenye kiti kigumu anasikia maumivu ndani ya tako au kwenye kinena. Tena mama mmoja aweza kuwa na zote mbili, misuli iliyochoka kwa kukaza.

Tofauti hii ni kubwa, kwa sababu dawa ya huyu si dawa ya yule. Ukimwambia mwenye misuli iliyokaza aendelee kuikaza, umemwongezea maumivu.

WATAALAMU WAMEONA NINI

Jambo hili si la kubuni. Mwaka 1948 daktari mmoja wa Marekani, Arnold Kegel, aliandika juu ya mazoezi ya kuitia nguvu misuli ya sakafu kwa akina mama waliozaa, na mpaka leo mazoezi hayo yanaitwa kwa jina lake. Mwaka 2006 huko Australia yalichapishwa majibu ya wanawake zaidi ya 38,000. Ilionekana ya kuwa wenye taabu ya kuzuia mkojo na wenye taabu ya pumzi ndio waliolalamika zaidi juu ya maumivu ya mgongo, na uhusiano huo ulikuwa na nguvu kuliko ule wa unene wa mwili. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani waliwafanyisha wanawake ambao hawajazaa mazoezi ya misuli inayogeuza nyonga kwa wiki 12, nayo sakafu ya nyonga ikapata nguvu, ijapokuwa sakafu yenyewe haikufanyishwa mazoezi. Hapo twaona kwamba kamba ni moja.

Na sisi tulishuhudia kwa macho yetu. Mke wa mwenzetu mmoja wa gangi, mama wa watoto wanne, aliumwa nyonga ya kulia kwa miaka miwili. Alipewa vidonge, akapewa sindano, akapigwa picha ya mfupa mara mbili. Picha ilikuwa safi. Basi akaambiwa hana kitu, aende nyumbani. Jirani wakasema ni uvivu. Mwingine akasema amerogwa. Mwenzetu akaanza kununa, kwa kuwa mke wake alikuwa akimkwepa usiku, naye akafikiri mambo mengine. Mwishowe mama alifikishwa kwa mtaalamu wa fiziotherapia, yaani yule anayetibu kwa mazoezi ya viungo. Mama yule mtaalamu hakuanza na nyonga. Alimwuliza amezaa mara ngapi, na watoto walikuwa wakubwa kiasi gani. Alimwuliza habari za mkojo, za choo, na za chumbani. Mgonjwa alilia, kwa maana katika miaka miwili ile hakuna aliyemwuliza maneno hayo. Alikuwa na misuli iliyokaza. Alifundishwa pumzi, akafundishwa kulegeza, kisha baada ya wiki kadhaa mazoezi ya nyonga. Haikuwa siku moja. Ilikuwa miezi mitano. Leo anatembea mpaka sokoni na kurudi, na nyumba yao ina amani.

SI KILA NYONGA

Hapa tunaomba msikilize sana. Hatusemi kila maumivu ya nyonga yanatoka kwenye sakafu. Kiungo chenyewe kinaweza kulika. Kano za ubavuni pa nyonga zinaweza kuumia, na hilo huwapata sana akina mama wa miaka 40 mpaka 60. Kifua kikuu huweza kuingia mifupani. Mwenye ugonjwa wa selimundu anaweza kuharibika kichwa cha mfupa wa paja. Maumivu ya uti wa mgongo huweza kushuka mpaka tako. Magonjwa ya mji wa mimba na ya mkojo nayo huleta maumivu huko. Kwa hiyo kwanza mtu apimwe.

Na yako mambo ambayo hayangoji kesho. Mama mwenye nyonga inayouma akipata homa, au akikonda bila sababu, au akashindwa kabisa kukanyaga baada ya kuanguka, aende hospitali upesi. Akipata ganzi katikati ya mapaja, au mkojo ukafungika au kumtoka ghafula asijue, aende siku hiyo hiyo, hata usiku. Akitokwa na damu baada ya hedhi kukoma, au damu isiyo ya wakati wake, asikae nayo. Mja mzito mwenye maumivu makali na damu asisubiri gari la asubuhi.

LA KUFANYA NYUMBANI

Yako mambo ambayo hayana gharama.

Kwanza ni pumzi. Mama alale chali, magoti yamekunjwa, mkono mmoja juu ya tumbo. Avute pumzi taratibu mpaka tumbo lipande, na aiache sakafu ishuke, kama mtu anayeacha mkojo utoke bila kuusukuma. Kisha atoe pumzi polepole. Afanye hivyo dakika tano, asubuhi na jioni. Zoezi hili halimdhuru mtu, aliyelegea wala aliyekaza.

La pili ni la aliyelegea. Akaze kama anayezuia upepo na mkojo kwa pamoja, avute kwa ndani na kwa juu. Ahesabu mpaka tano, kisha alegeze kabisa kwa hesabu hiyo hiyo. Asikaze matako, asibane mapaja, asizuie pumzi. Angalau mara nane, na hivyo mara tatu kwa siku, kwa muda usiopungua miezi mitatu. Wengi huacha wiki ya pili wakisema halifai. Msuli ni kama kibarua mgeni, haupati nguvu kwa wiki moja. Lakini ikiwa kukaza kunaleta maumivu, aache mara moja, amwone mtaalamu. Tena asijizoeze kwa kuukata mkojo katikati kila siku, kwa kuwa kibofu huzoea vibaya.

La tatu ni mizigo. Anapoinua, atoe pumzi, akaze sakafu kidogo, akunje magoti, na mzigo uwe karibu na mwili. Majerikani mawili ya lita 10 ni afadhali kuliko moja la lita 20 lililomvuta upande mmoja.

La nne ni choo. Anywe maji, ale mboga na matunda, asijikamue. Akiweka miguu juu ya kijibao kidogo anapoketi kwenye choo cha kukalia, sakafu hufunguka vizuri. Wenye choo cha shimo cha kuchuchumaa hawahitaji kijibao.

La tano ni usiku. Mwenye maumivu ubavuni pa nyonga asilalie upande unaouma, na aweke mto katikati ya magoti. Mchana asisimame ameegemea mguu mmoja, wala asikae akipandisha mguu juu ya mguu kwa muda mrefu.

Na wanaume, neno letu ni hili. Beba maji. Hakuna sheria ya kabila lo lote inayosema mikono ya mwanamume huvunjika kwa jerikani. Mpe mkeo nauli ya kwenda hospitali bila kumwuliza mara tatu. Akisema anaumia chumbani, mwamini, na umngoje. Mama aliyejifungua aachwe apumzike. Sisi tunaobeba mataruma twajua maana ya mgongo kuchoka.

LA KUFANYA KAZINI

Ndugu wanachama, hapa ndipo chama kinapoingia. Yatupasa tuzijue haki zetu, kwa maana haki isiyojulikana ni kama tikiti iliyopotea.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mama likizo ya uzazi ya miezi mitatu kwa mshahara kamili, bila kupoteza likizo yake ya mwaka, na inampa haki ya kurudi kazini kwake. Kumfukuza mtu kwa sababu ya mimba si sababu ya haki. Sheria hiyo hiyo inasema aliyefanya kazi miezi miwili mfululizo, akiwa mgonjwa na akileta cheti cha daktari, atapata kwa mwaka siku zisizopungua saba za mshahara kamili, na saba nyingine za nusu mshahara.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini, ya mwaka 2007 pia, inamtaka mwajiri aweke vyoo vya kutosha na safi, aweke viti kwa wale ambao kazi yao inawaruhusu kukaa, na asimbebeshe mtu mzigo unaoweza kumwumiza. Mahali penye wafanya kazi 20 au zaidi hapana budi pawe na kamati ya usalama na afya, na wafanya kazi wawe na wajumbe wao humo. Tuwaulize wenzetu: katika kamati zenu, wako akina mama wangapi? Na ni lini mara ya mwisho habari ya choo na viti iliandikwa katika kumbukumbu za mkutano?

Tunamjua dada mmoja aliyeachishwa kazi katika kiwanda kimoja, kwa sababu alikwenda chooni mara nyingi mno. Alikuwa amejifungua miezi mitano nyuma. Hakujua ya kuwa anaweza kuandikiwa cheti na daktari, wala hakujua pa kwenda kushtaki. Dada huyo angekuwa na mjumbe wa chama karibu, angesemewa siku ile ile.

Na juu ya matibabu. Tangu Oktoba 2024 bima ya NHIF imeondoka na mahali pake pakashikwa na SHA, ambayo inakata asilimia 2.75 ya mshahara wetu. Kwa kuwa tunakatwa, tuhakikishe majina ya wake zetu na watoto wetu yameandikishwa, tusingoje mpaka siku ya ugonjwa. Aliye na maumivu aanze katika kituo cha afya kilicho karibu, au hospitali ya serikali ya Kitengela, au Hospitali ya Rufaa ya Kaunti pale Kajiado mjini, na aulize habari ya fiziotherapia kwa jina lake. Akipelekwa Nairobi, Kenyatta, asiogope. Mama anayo haki ya kuelezwa kila kitu kabla hajapimwa sehemu za ndani, anayo haki ya kukataa, na anayo haki ya kuomba awepo nesi mwanamke.

MAOMBI YETU KWA TAWI

Bwana Mwenyekiti, hatutaki maneno haya yaishie hewani. Tunaomba mambo manne.

La kwanza, tawi liombe mtaalamu wa fiziotherapia aje kuwafundisha akina mama mazoezi haya, siku moja Kitengela na siku moja Kajiado. Wanaume tukae nje na watoto.

La pili, kila kamati ya usalama na afya ambayo sisi tuna wajumbe ndani yake iwe na mama angalau mmoja, na ajenda ya kwanza iwe vyoo, viti, na mizigo.

La tatu, mama anayerudi kazini baada ya kujifungua aombewe kazi nyepesi kwa miezi ya mwanzo, na chama kiliweke jambo hilo katika mapatano yajayo na mwajiri, kwa maandishi.

La nne, wajumbe wa chama wafundishwe kumsikiliza mama mwenye taabu hii bila kucheka. Akicheka mjumbe mmoja, akina mama kumi watanyamaza.

Reli ile inayotoka Konza kupita Kajiado mpaka Magadi ina zaidi ya miaka 100. Imedumu kwa sababu kuna watu wanaotembea kwa miguu kila siku, wakiangalia bolti moja moja na taruma moja moja, bila kungoja gari lianguke. Na akina mama wetu waangaliwe vivyo hivyo.

Ndugu mwenye swali na aulize. Na mama mwenye swali ambalo hataki kuliuliza mbele ya watu, dada zetu wawili wa kamati wako pale mlangoni, nao watamsikiliza pembeni.